Jaruba la Machozi

5 Februari

Mdogo wangu,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Dada yako kapata Mkarimu!

Ndiyo, mimi, mwenye mkosi wa kuvuta kijiti kifupi tangu mama alipotuachia reki yake ya kukwangulia chumvi. Jana tumepiga kura ya majaruba ya chumvi. Mshika Vijiti alinyoosha kikombe chake (macho yake yanazidi kufifia, ndiyo maana tunamwamini), nikafumba macho, nikavuta. Nikafumbua. Kijiti kirefu kuliko vyote! Nilipiga kelele mpaka dereva wa lori la chumvi akaruka chini akidhani nimeumwa na nyoka.

Najua ofisi imekusahaulisha mambo yetu, kwa hiyo nikukumbushe. Mkarimu ndiye jaruba lililo kwenye mdomo wa mfereji, maji yote yanapitia kwake kabla hayajafika kwa wengine. Sakafu yake ni udongo mgumu, chumvi inatoka nyeupe mpaka inaumiza macho. Bahili yeye anakunywa maji kama mlevi, ukija asubuhi unakuta tope. Na Kiziwi yuko nyuma ya ukuta wa ghala, jua linamfikia likiwa limeshachoka. Ndiyo maana kila mwaka tunavuta upya, asiwepo mtu wa kula pumba milele na mwingine unga. Mwaka huu unga ni wangu, bwana! Nitaezeka chumba cha nyuma, nimechoka kulala nimekumbatia ndoo kila mvua ikinyesha.

Msalimie wifi. Na watoto waambie shangazi yao ni tajiri kwa mwaka mmoja.

Dada yako

13 Februari

Dada mpenzi,

Hongera sana. Barua yako niliisoma mara mbili, nikaona haya kukuchafulia furaha. Lakini nisipokwambia wewe nitamwambia nani?

Nimeachishwa kazi. Ofisi ya Ardhi imepunguza makarani, na mimi nimo. Mwenye nyumba ametutaka tuondoke. Nimeamua wifi yako aje huko na watoto, mimi nibaki hapa nihangaike, maana mwanamume asipoonekana mjini hakuna anayemkumbuka kwa kazi.

Siombi kitu, Dada. Umeshanibeba vya kutosha tangu utotoni. Ila juzi usiku nilimkumbuka mama, alivyokuwa akisema kwamba mwenye msiba havuti kijiti.

Mdogo wako

20 Februari

Mdogo wangu,

Wamefika. Watoto wamekonda, wifi anatabasamu kwa mdomo tu. Nimewalaza chumba cha nyuma, kwa hiyo sasa ndoo tunakumbatia wote.

Usiwe na moyo mzito. Nilikwenda kwa wenzangu jioni ileile nikawaeleza. Unajua desturi, mwenye janga hapigi kura, anapewa lililo bora bila mjadala. Jaruba la machozi. Mwaka ule nyumba ya Mshika Vijiti ilipoungua alipewa Mkarimu, na hakuna aliyenuna. Safari hii Fundi Reki peke yake ndiye aliyefungua domo, eti kuachishwa kazi si kufiwa. Nikamwambia, "Wewe ulipewa machozi mwaka ulioanguka na baiskeli, ukavunjika kidole! Kidole, Fundi!" Watu wakacheka, naye akacheka, yakaisha.

Basi Mkarimu kaenda kwa wifi, mimi nimechukua Bahili aliyekuwa amebaki bila mtu. Siwezi kukudanganya kwamba haikuniuma. Nilisimama ukingoni nikamtazama Mkarimu kama mtu anayemsindikiza mchumba kituoni. Halafu wifi akashika reki kichwa chini miguu juu, nikaangua kicheko, nikaenda kumfundisha.

Usinishukuru. Mwaka ni mmoja tu, na paa limenivumilia miaka yote hii.

Dada yako

1 Machi

Dada,

Mungu akulipe.

Nina ombi dogo. Wifi yako asimame mwenyewe jarubani kila siku, asimwachie mtu mwingine hata akiumwa. Hasa mwezi wa nne. Sitaki watu waseme mke wangu anadekezwa na huruma zenu.

Bado natafuta kazi. Mambo magumu.

Mdogo wako

17 Aprili

Mdogo wangu,

Tumepata wageni! Wapimaji, vijana watatu wenye kofia, kamba ndefu, na ile miwani ya miguu mitatu. Wamekaa siku kadhaa wakigonga vigingi vya chuma kila kona. Tumewapikia uji, tumewapa kivuli. Kila jaruba wanasimama wanauliza, "Hapa nani anafanya kazi?" wanaandika.

Walipofika kwangu nikawaambia, "Andika tu, mwanangu. Mwaka huu Bahili ndiye mume wangu, na kama waume wote anakunywa na haleti kitu nyumbani." Wakacheka sana. Nikamwona mmoja anaandika jina langu akafunga daftari. Nikamwuliza, "Na 'mwaka huu' umeandika?" Akasema kwenye karatasi yake hakuna nafasi ya hayo. Nikaona ni sawa, serikali inapenda kuhesabu watu, tuhesabiwe.

Wifi naye kaandikwa pale Mkarimu, jasho linamtoka, maskini. Hakuondoka jarubani hata mchana mmoja, kama ulivyoagiza. Amekuwa mchapa kazi, utashangaa. Mikono imepasuka kwa chumvi lakini halalamiki. Mavuno ya mwezi huu yametosha kuwanunulia watoto viatu.

Ah, kidogo nisahau kituko. Kijana mmoja aliposikia ubini wetu akasema karani wao mkuu ana ubini huohuo, kapandishwa cheo juzi. Nikamwambia mdogo wangu kaachishwa kazi hukohuko, labda ni mtu mwingine. Akanitazama, akasema labda. Ukimfahamu huyo mwenye bahati, mwombe akuingize hata kwa kufagia.

Dada yako

30 Aprili

Dada,

Ubini wetu wanao watu wengi. Huyo simfahamu.

Shughuli ya wapimaji isikusumbue, ni hesabu ya kawaida. Nimefurahi kusikia mmewapokea vizuri.

Nimepata kibarua cha hapa na pale, ndiyo maana naandika kwa kifupi.

Mdogo wako

8 Februari

Mdogo wangu,

Naandika upesi niwahi lori la chumvi. Uvumilie mwandiko.

Jana ilikuwa siku ya kura. Tulikusanyika, Mshika Vijiti na kikombe chake, watoto wanakimbizana, kama miaka yote. Likaja gari. Akashuka ofisa na askari wawili, akamwamuru Mshika Vijiti aweke kikombe chini. Akaanza kugawa hati. Anasoma jina, unakwenda, unapewa. Mtu aliyekutwa jarubani siku ya upimaji, akasema, ndiye mwenye jaruba kisheria, yeye na vizazi vyake. Kura imekwisha. Atakayevuta kijiti anavamia mali ya mtu.

Kwa hiyo mimi ni mke wa Bahili mpaka kufa. Fundi Reki kapata Kiziwi, kakaa chini kwenye matope palepale. Tena kwenye ramani yao kigingi cha Mkarimu kimepita ng'ambo ya mlango wa maji. Mlango aliouchimba mama na wenzake kwa mikono! Sasa uko ndani ya jaruba moja, na sisi wengine tutaomba maji.

Lakini si hilo lililonikalisha macho. Ofisa alipomfikia wifi aliinama kwa adabu, akasema, "Shikamoo mama. Bosi wetu anakusalimu, anasema sasa unaweza kurudi nyumbani."

Wifi akanitazama. Nikamtazama. Nakuapia kwa kaburi la mama, yule mwanamke alikuwa hajui. Midomo ilimkauka.

Niambie si wewe. Niambie ofisa amekosea mtu, nitaamini. Niko tayari kuamini hata uongo mbovu. Nijibu tu upesi.

Dada yako

19 Februari

Dada,

Sitakudanganya tena. Ni mimi. Sikuachishwa kazi.

Naomba unisikilize kabla ya kunilaani. Sheria ile ingekuja kwa vyovyote, mimi sikuitunga. Niliiona mezani nikiwa karani, ikiwa bado rasimu, nikajua siku moja tu ndiyo itakayoamua nani ni nani milele. Ulipoandika kwamba umevuta Mkarimu sikulala. Ningekwambia ukweli ungefanya nini? Ungekwenda kuwatangazia wote. Nakujua. Mngekaa mmesimama Mkarimu watu ishirini, mkaandikwa ishirini, na kila mmoja angepata upana wa mkeka. Nani angefaidika?

Hebu fikiri kwa utulivu. Kwa nini miaka yote hiyo hakuna aliyejenga kuta za saruji pale? Kwa nini hakuna pampu? Kwa sababu hakuna mjinga wa kujenga kwenye jaruba ambalo mwakani ni la jirani. Na hata angetaka, benki haiikopeshi kura. Benki inakopesha hati. Nchi zilizoendelea zilianzia hapo hapo, mtu mmoja, kipande kimoja, karatasi moja, na mahakama ya kumlinda. Mengine yote, viwanda, barabara, ajira, yamefuata karatasi. Hiyo huruma yenu ni nzuri, Dada, lakini haijawahi kununua pampu.

Sijamwibia mtu. Nitaweka rehani Mkarimu, nitajenga. Na msimamizi wa kwanza nitakayemwajiri ni wewe, kwa mshahara wa kila mwezi, mvua au jua. Paa lako nitaezeka mwenyewe.

Mwambie wifi yako arudi, kuna karatasi anatakiwa kutia sahihi.

Mdogo wako

27 Februari

Wewe,

Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nalisikia tu. Kumbe nguo yenyewe nilikushonea mimi.

Unaniuliza nani angejenga kwenye jaruba ambalo mwakani ni la jirani. Sisi! Sisi ndio tuliojenga, mpumbavu wewe! Bahili tulimkandika sakafu upya wote, kila mtu, miaka mitatu iliyopita, kwa sababu kila mmoja alijua mwakani anaweza kumwangukia. Mlango wa maji tuliuziba kwa zamu mvua ikinyesha usiku. Tangu hati zigawiwe hakuna anayeinua hata koleo kwa mwenzake. Jana ukingo wa Kiziwi umebomoka, watu wakapita wanamtazama Fundi kama wanatazama ajali ya mji mwingine. Hiyo ndiyo pampu yako.

Hayo ya nchi zilizoendelea kawaambie waliokwenda huko. Mimi nataka kujua jambo moja. Ulikuwa na njia nyingi za kuniibia. Ungeweza kubadilisha jina ofisini, kalamu si unayo? Kwa nini ukachagua machozi? Ulijua ni kitu kimoja ambacho hatukukiuliza swali. Mtu akija analia hatumwombi ushahidi. Sasa juzi mtoto wa Mshika Vijiti kaugua, mama yake akaja kueleza, na niliwaona watu wanaangaliana. Wanajiuliza kama ni kweli. Mimi pia nilijiuliza, Mungu anisamehe. Hilo umelichukua nalo, na halimo kwenye hati yoyote.

Mkeo ameondoka asubuhi na lori la chumvi, watoto kaniachia mimi. Hakuaga vizuri. Anakuja kwako, na sidhani anakuja kutia sahihi.

Usiniite dada kwa sasa.

6 Machi

Wifi,

Nimefika. Pole na majonzi, na mimi nipe pole yangu.

Mdogo wako ana nyumba mpya. Ina makochi, na ufunguo mmoja wa ziada aliokuwa ameniwekea mezani kama zawadi. Mwaka mzima nakwangua chumvi mikono inatoka damu, najiona nakula sadaka yenu, nalala nikiwaombea dua, na yeye anachagua rangi ya mapazia. Nilipomwuliza kwa nini alinidanganya hata mimi, akasema, "Wewe huwezi kuigiza. Ungecheka." Wifi, aliniliza kwa makusudi ili nilie vizuri.

Halafu akaleta karatasi nimkabidhi jaruba. Hapo ndipo nilipoiangalia hati kwa makini. Jina lililoandikwa ni langu. Sheria yake mwenyewe inasema aliyekutwa amesimama, na yeye hakusimama. Alidhani jina la mke ni mfuko wa koti lake, anaingiza mkono akitaka. Nimekataa kutia sahihi. Alipiga kelele, akabembeleza, akapiga magoti. Nimehamia kwa rafiki yangu, fundi cherehani, nyuma ya soko. Barua unitumie huko, dereva anapajua.

Niombee.

Wifi yako

14 Machi

Wifi yangu, wifi yangu, wifi yangu!

Nimeisoma barua yako kwa sauti pale ghalani. Fundi Reki kakurupuka akacheza, na goti lake bovu! Mshika Vijiti kakisugua kikombe mpaka kinang'aa. Kumbe Mungu hamtupi mja wake.

Rudi. Tumeshakaa kikao. Sheria haitambui kura, sawa, lakini haiwezi kumkataza mtu kuazima jaruba lake. Hati ibaki na jina lako, iweke kabatini, na kila Februari tunavuta vijiti kama kawaida, kila mwenye hati anamwazima aliyevuta. Mtu wa kuanza ni wewe, kwa sababu wote wanasubiri Mkarimu. Ukirudisha wewe, wote wanarudisha, wameniahidi mmoja mmoja. Usiporudisha, nani atakubali kuliachia lake abaki mikono mitupu?

Na mwaka huu wa kwanza usihofu, hatutavuta. Wewe ndiye mwenye machozi, tena safari hii ya kweli. Mkarimu abaki kwako mpaka Februari. Watoto hawajambo, mdogo kang'oka jino, kanipa mimi nimtunzie.

Njoo upesi, tunakusubiri.

Wifi yako

2 Aprili

Wifi,

Nimechelewa kujibu kwa sababu niliandika barua mbili nikazichana.

Sitarudisha.

Usiitupe karatasi, isome mpaka mwisho. Nimeolewa nikiwa na sanduku moja. Nimeishi nyumba ya kupanga ya mume, nikaishi chumba chako kwa hisani, sasa nalala chini ya meza ya cherehani ya mtu. Katika maisha yangu sijawahi kufunga mlango uliokuwa wangu. Siku moja karani fulani asiyenijua ameandika jina langu kwenye kitu, na hakuna mume wala ukoo unaoweza kukifuta. Unaniambia niliweke kabatini. Wifi, siwezi. Nikiwa nasema haya naona aibu, lakini aibu haijanibadilisha.

Nilikwenda benki peke yangu. Walinipa kiti. Nimeweka rehani mimi mwenyewe, mume wangu hana mkono humo. Nitajenga kuta, nitaweka pampu kwenye mlango wa maji. Sitawanyima maji, Mungu apishe mbali, ila pampu inakula mafuta, kwa hiyo atakayetaka maji atachangia, na asiyeweza nitalinunua jaruba lake kwa bei ya haki. Fundi Reki ameshaniletea ujumbe kwamba yuko tayari kuuza Kiziwi. Mimi sikumwendea.

Kazi itaanza Jumatatu ya tarehe kumi na tano. Nahitaji watu wanaojua chumvi, na hakuna anayekushinda. Utakuwa wa kwanza kuitwa.

Najua utanichukia. Lakini kabla hujanihukumu nijibu kwa ukweli. Kama wapimaji wangekukuta wewe ndani ya Mkarimu siku ile, hati ikaja na jina lako, ungerudisha kwenye kura? Kweli kabisa, wifi? Wewe na paa lako linalovuja?

Wifi yako

11 Aprili

Wifi,

Ni kweli Fundi kauza. Alikuja kunieleza akashindwa kumaliza, nikampa maji ya kunywa akaondoka. Wengine watatu wamefunga midomo, nadhani nao wanapiga hesabu. Mshika Vijiti kaacha kuja ghalani.

Nimelia siku mbili, sioni haya kukwambia. Kwa mdogo wangu nililia kwa hasira. Kwako nililia kwa sababu ninakuelewa, na kukuelewa hakukunipunguzia chochote. Wewe ulijua tulivyoumia. Ulikuwa katikati yetu, reki mkononi. Yeye alitusaliti kwa mbali, wewe umetusaliti baada ya kula nasi.

Swali lako sikuhitaji kulifikiria. Mkarimu alikuwa wangu kwa haki, nilikuwa nimemvuta kwa mkono huu, na paa lilikuwa linavuja vilevile. Ukaja na watoto wako wawili, nikakupa wewe. Sasa unaniuliza ningefanya nini.

Watoto nitakuletea mwenyewe, na jino la mdogo limo mfukoni mwa koti lake. Jumatatu nitakuja kazini, maana Bahili amekauka na tumbo halijui nani alimkosea nani. Nitafanya kazi vizuri, sijui kuifanya vibaya. Ila mbele ya watu usiniite wifi. Niite kibarua. Kama wifi, ningekufanyia bure.

Mimi